Kura ya Mbuzi Kumi

Vijana wangu wa ofisi ya Garissa, siku ile ya chai ya kuniaga mliniomba niandike mambo mawili matatu yatakayowafaa kazini. Nadhani mlitarajia karatasi moja yenye ushauri wa kubeba maji ya kutosha na kutomwazima dereva simu. Maji bebeni. Simu msimwazime. Yaliyobaki ni marefu kidogo, na sehemu yake kubwa inaniuma, kwa hiyo atakayeona nimeandika kama mtu anayelia, ajue ameona sawasawa.

Kabla ya kazi hii nilikuwa mwalimu wa hesabu. Nimezaliwa kando ya Mto Tana, upande wa mashamba ya ndizi, na mbuzi nilimjua kama mnyama anayekula mahindi ya baba na kukimbia. Nilipoingia kwenye utafiti nilikuwa na miaka thelathini na mbili, kalkuleta yangu ya shuleni, na Kisomali cha sokoni. Kwa Kisomali hicho niliweza kununua maziwa, kugombana na kupatana. Zaidi ya hapo nilitegemea huruma ya watu.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye soko la Hagadera. Mkuu wangu, mtafiti kutoka Nairobi mwenye kofia pana kuliko kivuli cha hema letu, alinikabidhi fomu ya kurasa kumi na nne na sarafu moja mpya. Kazi yenyewe ilikuwa kupima jinsi mtu anavyoiona hatari. Huwezi kumuuliza mtu kama yeye ni jasiri, maana kila mtu atakuambia ni jasiri, hasa wanaume. Unampa machaguo mawili. La kwanza, mbuzi wanne wa hakika. La pili, turushe sarafu: ikilala upande huu unapata mbuzi kumi, ikilala upande ule hupati hata kwato. Akichagua wale wanne, unapunguza: je, watatu wa hakika, au sarafu? Wawili? Akichagua sarafu, unaongeza: watano wa hakika? Sita? Pale anapogeuka ndipo penye kipimo chake.

Hesabu iliyo nyuma yake mnaijua, lakini nyinyi mnafanyiwa na mashine, kwa hiyo niiseme kwa mdomo. Nusu ya kumi ni tano, na mtu anayetazama idadi peke yake atasema sarafu ile ina thamani ya mbuzi watano. Lakini mbuzi wa kwanza kwa asiye na kitu ni maziwa ya mtoto, na mbuzi wa mia kwa tajiri ni kelele tu zizini. Kwa hiyo tunachukua manufaa ya kila tokeo kwa mtu huyo mwenyewe, tunayazidisha kwa uwezekano wake, kisha tunajumlisha. Hayo ndiyo manufaa yanayotarajiwa. Anayepokea watatu wa hakika na kuiacha sarafu, tunasema anaogopa hatari. Anayekataa hata sita wa hakika ili ajaribu kumi, tunasema anapenda hatari. Niliwahi kuwaeleza hayo wengi wenu kwa furaha kubwa, kwa chaki na mikono, na sasa nikiikumbuka furaha ile naona haya.

Mtu wangu wa kwanza Hagadera alikuwa mama muuza chai. Aliitazama sarafu, akanitazama mimi, akafunika sufuria.

"Mwalimu, hiyo ni kamari," alisema. "Mimi iko maskini, lakini iko na dini."

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imezunguka soko zima, na kila nilipokaribia kibanda watu walikumbuka shughuli. Nilirudi garini na fomu tupu. Aliyekuwa akicheka pale garini ni Mzee Dubow.

Mzee Dubow alikuwa mkalimani wetu. Kabla ya hapo alikuwa dalali wa ngamia kule Wajir kwa miaka mingi, wale wanaopatana bei kwa vidole chini ya kitambaa, wote wawili wametazama pembeni kana kwamba hawajuani. Alinifundisha zaidi ya chuo. Alinifundisha kukaa chini kuliko ninayemhoji, kutotazama saa, kuuliza habari za mvua kabla ya habari za watu, na kuchonga penseli mbili, kwa sababu moja itaombwa na mwanafunzi na huwezi kumnyima. Jioni hiyo alikunywa chai yangu akaniambia sarafu niirudishe kwa mwenyewe.

Wazo lililofuata lilikuwa langu, na nalisema ili asije akasingiziwa Mzee Dubow, ambaye sasa ni marehemu. Nilimuuliza kama kura nayo ni haramu. Akasema hapana, kura ni halali. Ndugu wanapogawana wanyama wa marehemu baba yao, mafungu yakishapangwa, wanapiga kura mbele ya mashahidi, na fungu lililomwangukia mtu ni lake, halinung'unikiwi. Basi nikaokota mawe mawili kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga, moja jeupe na moja jeusi, nikayatia ndani ya soksi mpya ya shule. Anayetaka kubahatisha achomoe jiwe. Jeupe ni mbuzi kumi, jeusi ni mikono mitupu. Hakuna aliyekataa tena. Watu walikusanyika, wakatazama, wakashangilia. Mimi nami, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu tu, nikaongeza nakshi: mwanamke mwenzangu akipata jeupe nilimpa mkono na kutangaza kwa sauti, "Umepata mbuzi kumi."

Mkuu wangu alifurahi. Mzee Dubow hakufurahi.

"Kamari ilikuwa dhambi yao," alisema. "Hii itakuwa dhambi yako. Kura ya mnyama, mbele ya watu, na mkono umeshikwa? Hiyo imekwisha, Mwalimu. Huyo mnyama sasa ana mwenyewe. Na wewe mbuzi iko wabi?"

Nilimwambia kila mtu anajua ni mfano tu. Akasema hakuna mtu anayejua kitu ambacho hajaambiwa. Alinitaka niseme mara tatu kwamba hakuna mbuzi: mwanzo, katikati na mwisho. Tukakubaliana, na sentensi hiyo ikaingizwa kwenye fomu, chini ya ukurasa wa mwisho, pamoja na kisanduku cha kutia alama: mhojiwa ameelezwa kuwa hakuna mnyama atakayetolewa.

Sasa shida ikawa nyingine. Ukisema mwanzoni kwamba mbuzi hakuna, watu wanainuka. Mzee mmoja wa Wajir aliniambia, "Kama mbuzi hakuna, chagua wewe mwenyewe," akaenda kuswali. Waliobaki walijibu ili kunifurahisha tu. Kwa hiyo nikaiacha ya mwanzo, baadaye nikaiacha ya katikati, nikabaki na ya mwisho. Mzee Dubow alitikisa kichwa lakini alinyamaza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa safari zile na yeye alikuwa mtu wa adabu.

Ulikuwa mwaka wa ukame, na tulikuwa tukizunguka vijiji vya Wajir. Siku ninayotaka kuwaeleza, Mzee Dubow alibaki mjini na homa. Mimi na dereva tulikwenda kwenye kituo cha maji, mwendo wa asubuhi nzima, palipokuwa na familia chache zinazojiandaa kuhama. Mvua ilikuwa imesikika upande wa mashariki. Ngamia walikuwa wakikaguliwa, mikeka ya vibanda inakunjwa.

Huko ndiko nilikomkuta Habiba. Alikuwa mjane, umri wake kama wangu, amebakiwa na mbuzi kumi na mmoja na binti mmoja wa miaka mitano aitwaye Sahra. Sahra alishika penseli yangu muda wote wa mahojiano na hakuniomba, alinishikia tu. Habiba alijibu Kisomali, taratibu, akisubiri nimwelewe. Nilimpa wanne wa hakika, alitaka soksi. Watano, soksi. Sita, soksi. Sikuwahi kupata mwanamke aliyekataa sita. Nilimuuliza kwa nini, ingawa fomu haikuuliza.

Alieleza kwa vidole. Akiongeza sita atakuwa na kumi na saba. Hao hawatoshi kuendesha nyumba, kwa hiyo bado atamfuata shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, na kula kwenye chungu cha mke wa shemeji. Akiongeza kumi atakuwa na ishirini na mmoja. Hao anaweza kuishi nao mwenyewe, na Sahra akanywa maziwa bila kuomba. Akikosa, basi, ataendelea kula kwa shemeji kama ambavyo angekula akiwa na hao sita. Alichoogopa ni kile chungu.

Nataka mwitazame hesabu hiyo, maana ni bora kuliko yangu. Kwake, mbuzi sita na mikono mitupu vilikuwa karibu sawa. Manufaa yote yalikuwa upande wa pili wa mstari, kwenye idadi inayotosha kuendesha nyumba. Mtu mwangalifu kuliko wote pale kituoni angechagua vivyo hivyo. Mimi nilizungushia namba ya mwisho kabisa kwenye kipimo, ile ya wapenda hatari, kwa sababu fomu ilikuwa na mahali pa namba tu.

Kisha akachomoa jiwe, nalo lilikuwa jeupe. Wanawake wakapiga vigelegele. Habiba alifunika uso kwa mtandio, akaufunua, na mimi nikampa mkono nikatangaza, "Umepata mbuzi kumi." Alinishika kwa mikono miwili.

Dereva alikuwa akipiga honi. Magari ya kurudi mjini, yanayosindikizwa na polisi kwa usalama, yalikuwa yanaondoka saa nane na hayakuwa na desturi ya kumngoja mtu. Miaka yote nimejiambia kwamba ni honi ile iliyonizuia. Lakini nilikuwa na nafasi ya sentensi moja, kwamba mbuzi hakuna. Nilimtazama usoni, nikaona furaha ya siku yake, na sikuwa na moyo wa kuisema sentensi ile. Nikajiambia atajua tu, au ataambiwa na wenzake. Garini nikafungua ukurasa wa mwisho nikatia alama kwenye kisanduku.

Tuliporudi Wajir, Mzee Dubow aliniuliza akiwa bado chini ya blanketi, "Ulisema?"

"Nilisema," nikamjibu.

Akaniombea dua. Aliaga dunia miaka michache baadaye, na jibu langu kwake halikubadilika.

Mwaka uliofuata tulifanya duru ya pili. Katika duru ya pili unawatafuta wale wale na kuwauliza yale yale, kuona kama kipimo kimebadilika. Wafugaji hawana anwani, kwa hiyo ni kazi ya kuulizauliza kutoka kisima hadi kisima, na wengi wa kituo kile tuliwapata mashariki, wamekonda lakini wapo, wana wanyama. Habiba hakuwa miongoni mwao. Niliambiwa ameteremka Garissa. Nilimkuta pembeni mwa mji, kwenye kibanda cha magunia na mabati yaliyonyooshwa, anauza maziwa ya wanyama wa watu wengine. Alikuwa ameshapata Kiswahili cha wateja.

Alinitambua kabla sijakaa.

"Abaayo," alisema, yaani dada, "umechelewa sana. Mbuzi yangu iko wabi?"

Nilidhani ananitania. Nikatabasamu, Mungu anisamehe. Kisha akanieleza bila kupandisha sauti. Wenzake waliondoka siku ya tatu baada ya mimi kupita. Yeye alibaki kituoni kungoja mbuzi wake, maana nisingejua pa kuwapeleka kama angehama. Alingoja wiki ya kwanza. Wiki ya pili injini ya kisima iliharibika. Mbuzi wake walianza kufa, na kufikia wakati lori la maji lilipopita na kumchukua, alikuwa amebaki na wawili na Sahra alikuwa anaharisha. Sahra alifia njiani, kabla ya Garissa. Walisimamisha lori, wakamzika kando ya barabara, na dereva wa lori ndiye aliyesoma dua.

Nilimwambia, "Habiba, wale mbuzi walikuwa mfano tu. Hawakuwahi kuwepo."

Alichukua kitambaa. Akafuta mdomo wa kibuyu cha maziwa, akafuta tena palipokuwa pameshakauka.

"Haya," alisema. "Uliza maswali yako."

Nami nikauliza. Nimekaa na jambo hilo miaka yote: kwamba nilifungua fomu nikauliza. Safari hii nilisema mwanzo, katikati na mwisho kwamba hakuna mbuzi. Wanne au kura? Wa hakika. Watatu? Wa hakika. Mmoja wa hakika, au kura ya kumi?

"Nibe hiyo moja," alisema. "Hata kama haiko, andika hiyo moja."

Ofisini majibu ya Habiba yalivutia sana. Mtu aliyetoka mwisho mmoja wa kipimo hadi mwisho wa pili ndani ya mwaka mmoja! Mkuu wangu aliandika kwamba ukame huwafanya wafugaji waogope hatari zaidi, na akautumia mfano wa mjane mmoja bila kumtaja jina. Nilipewa rasimu niisome. Nilijua kwamba ukame haukumgeuza Habiba kipimo. Waliokutana na ukame ule ule kule mashariki walijibu karibu kama mwanzo. Mimi ndiye niliyemgeuza. Nilisahihisha nukta mbili na jina la mahali, nikairudisha. Kama mmewahi kufundishwa sentensi ile ya ukame na hatari, na najua baadhi yenu mmefundishwa, na mmoja wenu amefundishwa na mimi, sasa mjue ilikotoka.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, na nilifanya vizuri. Sikushika tena mkono wa mhojiwa. Niliiondoa kura ya mbuzi kwenye kila utafiti niliousimamia, nikaweka maswali ya mvua, na nilipoulizwa sababu nilisema ni ya kitaalamu. Nyinyi mlinicheka kwa kuwalazimisha mrekodi sauti yenu mkisoma ile sentensi ya mwisho, kwamba hakuna kitu kitakachotolewa. Mliniita Mama Kisanduku. Nilisikia.

Mwezi uliopita, siku chache baada ya kustaafu, nilikwenda kwa Habiba. Sasa ana kibanda cha mabati mazima, anakaa na binti wa dada yake, na magoti yake hayamruhusu tena kubeba maziwa. Kwa miaka yote hiyo tuliishi mji mmoja, na nilikuwa nikipita barabara nyingine. Nilimwambia yote: honi, sentensi, alama niliyotia, rasimu. Nilimwambia nilimuua mtoto wake. Nilitaka anitukane, nadhani.

Alisema, "Sahra aliitwa na Mungu. Wewe hukumuita. Lakini uliniacha hapo, hiyo ni kweli." Akalinyoosha goti lake. "Shemeji yangu alisema twende. Alisema hawa watu wa gari ni waongo, njoo ukule na sisi. Mimi nikamwambia hapana, yule mwanamke ni mwalimu, na amenishika mkono. Tuligombana mbele ya watu. Akaenda."

Nilimuuliza nimpe nini. Nilisema hata mbuzi, hata leo.

"Mbuzi ya nini sasa?" alisema. "Nani atachunga?"

Binti wa dada yake alituletea chai. Tulikunywa. Niliinuka kuaga, nikawa nimeshavaa viatu, ndipo Habiba aliponiuliza kitu ambacho hakuna mhojiwa wangu mwingine aliyewahi kuniuliza.

"Siku ile, kwa karatasi yako, uliandika mimi ni mtu gani?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nilimwambia, "Niliandika kwamba unapenda hatari."

Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie. Alipoona nimemaliza, aliweka kikombe chini.

"Mimi?" alisema. "Abaayo, mimi nilikaa tu hapo. Nilikaa, nikakungoja wewe."